Kapaka Liwa, Hajanawa

Dukani hapa Lindi wamebandika tangazo la krimu ya kung'arisha ngozi pale lilipokuwa la sabuni, lile la mwanamke aliyekuwa akifua kwenye beseni huku anacheka tangu mimi mdogo. Huyu mpya hafui, kavaa koti la ofisini, uso mweupe pe, shingo nyeusi kama yetu. Binti yangu wa miaka minne akamkodolea macho, nikajua basi, leo ataniuliza kwa nini yeye si mweupe, na nitamjibu nini jamani?

"Mama, huyu anaolewa?" akauliza, duka zima likasikia.

"Kwa nini?"

"Kapaka liwa. Mbona hajanawa?"

Liwa, ule unga wa msandali tunaompaka bi harusi usoni, kisha ananawa! Bibi mwenye duka akacheka mpaka akashika kaunta. "Kachelewa kazini, mjukuu wangu."

"Mwambie anawe basi. Hatumuoni."

Nikamvuta mkono tukatoka, nacheka na bado naogopa, maana matangazo ni mengi na siku moja atayaamini. Ila wangemrudisha yule wa sabuni, nadhani angemsogezea mwenzake beseni.