Mtani wa Mlango wa Pili

Mtaani walimwita Kasuku, na jina lilimkaa. Kinyozi huyu akikusikia ukiongea mara moja tu, kesho yake unaisikia sauti yako ikitoka dukani kwake. Aliwaiga wanasiasa, wagonjwa, hata wahubiri wa dini yake mwenyewe, na hao ndio aliowachambua bila huruma. Kwa kuwa hakubagua, hakuna aliyenuna. Sharti lake lilikuwa moja: anayetaniwa awepo, ili naye apate nafasi ya kurudisha.

Aliyejua kurudisha ni fundi cherehani wa mlango wa pili, mtu wa dini nyingine na rangi nyingine. Kila asubuhi aliingia kunyolewa ndevu.

"Mtani, hujafa tu?"

"Nikifa, huo uso nani atauhangaikia?"

Hapo huanza: huyu anaigiza ibada za yule, yule anaigiza za huyu, wanacheka mpaka machozi. Tangu Kasuku afiwe na mkewe, nyumbani hakuwa na wa kuongea naye. Asubuhi zile ndizo zilizomtoa kitandani.

Basi fundi akasafiri, kaka yake alikuwa mahututi. Siku moja duka limefurika, mteja mmoja akachokoza: "Hebu tupe ile ya mazishi ya kina fundi." Kasuku alijua fika kwamba fundi hayupo. Lakini watu walikuwa wanamtazama, na mzee yule akishatazamwa hana breki. Akamwiga kiongozi wao wa ibada akikohoa katikati ya dua, akaongeza na vilio vya wanawake. Watu hoi kwa kicheko. Mmoja wao alikuwa anarekodi kwa simu.

Kufikia jioni video ilikuwa imeshaenea kila kona. Watu wa dini ya fundi walikasirika, na hilo Kasuku alilitarajia. Lililomtia hofu ni vijana wa dini yake mwenyewe, walioingia wakimpigapiga mgongoni. "Umewapasha, mzee! Rudia!" Aliwatimua kwa matusi, nao wakamsusa. Akabaki si wa huku, si wa kule, anafagia sakafu isiyo na nywele.

Mwenyekiti wa mtaa alimwita.

"Sheria hujavunja, mzee wangu. Mdomo ni wako, na mimi sitaufunga. Nikianza na wako leo, kesho watakuja kuufunga wangu. Mwone tu jirani yako akirudi."

Kasuku alitoka pale roho inamuuma. Angepewa adhabu angeitumikia, yakaisha.

Fundi alirudi akiwa amefiwa na kaka. Asubuhi ya kwanza tu akaingia kunyolewa, mlango wazi, watu nje wakishuhudia. Kasuku nusura amkumbatie.

"Habari za asubuhi, mzee," fundi akasema, akakaa.

"Nzuri. Pole sana kwa msiba. Na nisamehe, mtani. Wallahi sikujua kama kaka yako ameshafariki."

"Nimekusamehe, tena kwa moyo mmoja. Wanaonichochea nimewaambia hatuna ugomvi. Cha msingi ni kuheshimiana."

Kasuku akampaka povu. Kuheshimiana! Miaka yote ile hawajawahi kuheshimiana hata dakika moja, na walikuwa na raha zao. Akajaribu kumvuta.

"Naona safari imekuzeesha. Shavu limekuwa kama kiatu cha mtumba."

"Ni uchovu," fundi akajibu kwa adabu.

"Nitukane basi! Nitukanie wahubiri wangu, nitukanie hata marehemu mke wangu, ruksa."

"Hapana, mzee. Siwezi kukuvunjia heshima."

Wembe ukaendelea kupita. Nje mtu aliwachungulia, akatabasamu, akaenda zake kueleza kwamba mambo yametengemaa.

"Video uliionea wapi?" Kasuku akauliza mwishoni, ingawa aliogopa jibu.

"Msibani. Simu ilizungushwa mkono kwa mkono, ikamfikia mama. Mimi nimemsimulia habari zako miaka na miaka, alikuwa anacheka peke yake huko kijijini. Akaniuliza, huyu ndiye yule mtani wako?"

"Ukamwambiaje?"

Fundi akajifuta povu sikioni, akainuka.

"Nikamwambia hapana, mama. Huyu ni mwingine."

Akashukuru, akaaga vizuri, akaenda kufunua cherehani yake.