Yosefu Alipoikataa Nyumba Yetu

Mwenzangu alikuwa mtu wa furaha isiyo na sababu. Alifurahi akipalilia, alifurahi akiungama, na siku padri alipomchapa kwa kuigiza mahubiri yake, alirudi nyumbani akituigizia jinsi alivyochapwa. Mimi sikuwa hivyo. Hadi leo sioni kwa nini mtu aamke asubuhi na meno nje. Lakini ndoto yetu ilikuwa moja. Tulipokuwa watoto tulishuka Morogoro na mizigo ya maharage, tukamkuta mtu uwanjani, karibu kabisa na boma la Wajerumani, akiigiza mwendo wa askari wao huku umati ukishika mbavu. Tulirudi mlimani tumekwisha kuamua kwamba siku moja na sisi tutasimama mbele ya watu wa mjini, watutazame.

Miaka ikapita tukiwaigizia mbuzi. Kisha padri wa misheni yetu akatangaza kuwa Noeli hiyo kutakuwa na mchezo wa kuzaliwa kwa Bwana. Ukienda vizuri, mwaka unaofuata ataushusha mjini, uchezwe mbele ya wakubwa wa boma na watu wote. Ukiharibika, hatutacheza kitu tena. Mwenzangu akapewa Yosefu. Maria alikuwa kijana mwenye sauti nyembamba, boga limefungwa tumboni chini ya kaniki, maana padri hakutaka wasichana jukwaani. Mimi, kwa sababu ya uso wangu, nikapewa mwenye nyumba ya wageni anayewafukuza.

Padri hakujua kwamba ukoo wa mwenzangu na ukoo wetu ni watani. Kwetu Uluguru ukoo hufuata mama, na mtani haombi ruhusa. Anaingia kwako, anachukua kuku, anakutukana wewe na wazazi wako, nawe unacheka. Ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kuzika. Mlango haufungwi mbele yake hata siku moja. Sisi wawili tulilijua hilo vizuri, ndilo lililotufanya marafiki, maana alinitukana kila siku bure. Lakini hatukulifikiria. Tulidhani mchezo ni mchezo tu.

Siku ya Noeli, baada ya misa, watu walijaa mbele ya kanisa. Jukwaa lilikuwa mabenchi yaliyounganishwa, na nyumba yangu ilikuwa mlango wa matete usio na kuta. Yosefu akaja amemshika Maria mkono, akapiga hodi, akaomba mahali pa kulala kwa sauti iliyonifanya hata mimi nimwonee huruma. Nikakunja uso, nikasema maneno yangu yote: hakuna nafasi, ondokeni.

Manung'uniko yakaanza, na mzee mmoja akauliza kwa sauti kama nimerukwa na akili. Nikadhani hawakunisikia vizuri, nikarudia kwa ukali zaidi. Ndipo nikamwona bibi yangu mzaa mama anainuka, anajifunga kaniki upya, anapanda jukwaani na mkeka wake kwapani.

“Mtani wako yuko mlangoni na mke mjamzito, nawe unamfukuza mbele za watu?” aliniambia. “Unataka tukose wa kutuzika?”

Akausukuma mlango wangu ukaanguka. Akatandika mkeka, akamketisha Maria, akaanza kumkanda mgongo. Wanawake wakapiga vigelegele. Nilipomtazama padri, uso wake ulikuwa mwekundu kama nyanya, na midomo yake ilikuwa inasema kitu ambacho hakikuwa sala. Bwana alikuwa karibu kuzaliwa kwa bibi yangu wakati wachungaji wanamsubiri zizini, na Morogoro ilikuwa inatuponyoka hivi hivi naiona. Nilitaka kulia, nasema kweli.

Mwenzangu hakubabaika. Aliingia ndani, akakagua kila upande. Akanusa hewa. Akainua ncha ya mkeka kwa vidole viwili, akaitazama, akaiachia.

“Shikamoo bibi, na asante,” alisema. “Lakini nyumba yenu inanuka miguu ya mjukuu wako. Mtoto wangu hazaliwi humu. Afadhali zizi la mbuzi.”

Nani angemkasirikia? Hayo ni haki ya mtani. Bibi alicheka hadi akakaa chini, kisha akamjibu kuwa ukoo wao wote umezaliwa zizini, kwa hiyo aende tu kwa ndugu zake. Yosefu akamwinua Maria, wakaenda, na Bwana akazaliwa panapotakiwa. Watu wakapiga magoti huku wakifuta machozi ya kicheko, na padri akapumua.

Kesho yake alituita. Alisema mchezo utashuka mjini, na utachezwa vilevile, ila bibi ndiye atakayekuwa mwenye nyumba. Mimi basi. Kunyang'anywa jukwaa na bibi yako, ambaye hata hakulitaka, kunauma, asikudanganye mtu. Nikajibu kwamba ni sawa.

Mwenzangu akauliza kama hakuna nafasi nyingine yoyote. Padri akafikiri, akasema wakubwa wa boma watapenda kumwona punda, na kwa kuwa huku mlimani hatuna punda, watu wawili watainama chini ya blanketi. Mimi ningeweza kuwa miguu ya mbele.

“Basi ya nyuma ni yangu,” alisema mwenzangu.

Padri akamwambia aache ujinga, yeye ni Yosefu na mji mzima utamtazama. Mwenzangu akajibu kuwa mtoto wa mama yake mdogo anaweza kuwa Yosefu, maana ni wa ukoo uleule, na kwa matusi anamzidi yeye. Padri alibishana naye hadi akachoka.

Ndivyo tulivyofika Morogoro. Uwanja ulifurika, bibi aling'ara, na Yosefu mpya alipigiwa makofi hadi akasahau kuondoka jukwaani. Sisi tulikuwa chini ya blanketi la misheni, jasho linatutiririka, hakuna aliyejua sura zetu. Roho iliniuma kwa ajili yake. Nikamnong'oneza kwamba watu wote wale wapo, na hakuna hata mmoja anayemwona.

“Nyamaza, punda hasemi,” alinijibu. “Peleka mguu wa kulia.”

Nikaupeleka, na wa kwake ukafuata.