Kidole Juu ya Ngozi

Jirani yangu, fundi bati, alikuwa na kanuni moja ya kukata duara: mkasi hautembei, bati ndilo linalozungushwa. Mkono wa kushoto uligeuza bati taratibu, wa kulia ukikata nje kidogo ya mstari, kisha tupa ikamalizia kwa kusugua ukingo. Vitako vyake vya ndoo, vikipangwa kimoja juu ya kingine, ungedhani ni nguzo moja.

Kuchora mstari, hata hivyo, kulihitaji mtu wa pili. Ncha ya bikari ikisimama juu ya bati tupu huacha tundu dogo kama la sindano, na ndoo huvuja. Kwa hiyo kipande cha ngozi huwekwa katikati, na mtu hukikandamiza kwa kidole. Gundi haishiki kwenye bati lenye mafuta. Kwa miaka thelathini na mmoja kidole hicho kilikuwa cha mkewe. Alipofariki, fundi alijaribu peke yake. Ndoo tatu zilirudishwa.

Ndipo binti yake alipokuja na kauli.

"Baba, tengeneza ndoo moja isiyovuja kabla sijaondoka Jumamosi, sitakusumbua tena. Ikivuja, tunafunga karakana, unakuja kukaa kwangu."

"Kwako ghorofani? Nikagonge bati juu ya vichwa vya watu?"

"Hutagonga kitu. Utapumzika."

"Kupumzika kupo tu, mwanangu. Tena huko hatuamshwi."

Ijumaa asubuhi alibisha kwangu. Tulikuwa tumepakana miaka tisa bila kuvuka salamu.

"Msomi, niazime kidole."

"Kimoja tu?"

"Hicho cha kushikia kalamu. Vingine baki navyo."

Nilikandamiza ngozi. Alikuwa karibu nami kiasi cha kusikia pumzi yake, lakini macho yake yalifuata mstari tu. Ncha ya kuchorea ilipozunguka kuelekea mkono wangu, niliogopa kuchanwa, nikainua kidole. Ngozi iliteleza chini ya ncha ya katikati, nikairudisha upesi. Hakuona. Bati jingine zima lilikuwa limeegemezwa ukutani, na neno moja langu lingetosha. Nilijiambia kwamba hakuna kilichotokea.

Jumamosi binti alijaza ndoo maji, akaining'iniza kwenye ndoano. Tulichuchumaa watatu chini yake. Ukingo ulikuwa mkavu kabisa. Kitako kilikaa kama kilichozaliwa nayo. Kisha, katikati, tone likavimba, likaanguka.

"Umeona, Baba?" Hakusema kwa ushindi.

"Si izibwe kwa lehemu?" niliuliza, kwa haraka isiyonifaa.

"Ndoo mpya haizaliwi na kiraka," fundi alijibu. Akapapasa chini ya kitako. "Mkono wangu huo. Utu uzima haufichiki."

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Nimejipa sababu nyingi tangu siku ile: kwamba binti angekuja tena mwezi uliofuata na kauli nyingine, kwamba uzee hauna rufaa, kwamba pengine ngozi yenyewe ilikuwa imechakaa. Hakuna hata moja inayosimama bila kushikiliwa.

Walifunga karakana jioni ileile. Binti alinivuta kando, akanipa karatasi yenye anwani yake. "Uje umwone, tafadhali. Huko Baba hamjui mtu. Anasema wewe ndiye rafiki yake."

Ni mwezi wa saba sasa tangu waondoke. Sijaenda.