Sauti Katika Kamera ya Mama

Kisa hiki hakikunifikia kwa kusimuliwa. Nilikuwamo, na mama yangu alikuwamo. Nenda Butembo umuulize, bado yuko hai, na kwa hilo nashukuru.

Mimi naishi Beni. Kwa kuwa si kila mara barabara inapitika, nilimwekea mama kamera juu ya kabati la sebuleni, ili sisi watoto wake tumwone na kuongea naye kwa simu. Neno la siri nililiacha lile la kiwandani. Ndugu ni wengi, kila mmoja husahau, niliona nimewarahisishia.

Mchana mmoja wa mvua nilikuwa kwake. Mama aliingiza ndani mbabula, jiko letu la makaa, akafunga mlango na madirisha, kama tulivyozoea tangu utoto wangu.

"Joto ya Beni imekuharibu, mutoto yangu," alinicheka. "Baridi kidogo, unatetemeka."

Akasinzia kitini. Kichwa changu nacho kikawa kizito. Nikadhani ni uchovu wa safari.

Ndipo sauti ya mwanamume ikasema kutoka juu ya kabati: "Kaka, amka. Mtoe Mama Kavira nje. Hewa ya makaa inawaua."

Tulikuwa wawili tu nyumbani, na baba yangu alikufa zamani. Wewe ungefikiri nini? Sauti ikarudia, sasa kwa ukali. Miguu ilikataa, nikatambaa hadi mlangoni, nikafungua, nikamvuta mama hadi barazani. Alitapika, kisha akapumua vizuri.

Nilirudi kuitoa mbabula. Nikauliza, "Weye ni nani? Mutu ao mufu?"

"Mtu tu, kaka. Kamera yenu iko wazi, yeyote anaingia. Badilisha neno la siri leo."

"Jina la mama umelijua wapi?"

"Nawasikia kila siku."

Niamini, hapo ndipo nilipoogopa zaidi. Hata hivyo nilimwambia asante. Jioni ile nikabadilisha neno la siri, na sauti haikurudi.

Mama anasema alikuwa malaika.

"Malaika gani, mama, anaongea Kiswahili ya Tanzania?"

"Mungu anatuma ule mwenye anaona."

Kila Jumapili anamwombea, nami humwombea. Mbabula sasa hukaa nje. Lakini hadi leo sivui shati sebuleni mle kabla sijaigeuza kamera ielekee ukutani.

Kama una kamera nyumbani, badilisha neno la siri kabla hujalala. Aliyeingia kwetu alikuwa na huruma. Wa kwako simjui.