Figo ya Sajida

Sajida Kanwal alikuwa askari wa trafiki mjini Multan, na madereva walimwogopa kwa firimbi yake na zaidi kwa ulimi wake. Lakini pale njia panda alipoongozea magari hapakuwa na choo. Wenzake wa kiume walizunguka nyuma ya ukuta wa ghala, wakarudi wakifunga mikanda. Yeye alijibana. Na ili asibanwe na haja, hakunywa maji, hata jua la Juni lilipoyeyusha lami.

Mkojo ulipoanza kumchoma, alivuka barabara hadi duka la dawa la Hashmat.

"Nipe kali. Siwezi kuongoza magari huku nimejikunja."

"Hii hapa, dada. Hii inaua hata jini."

Maumivu yakitulia tu, aliacha kumeza. Vidonge vilimvuruga tumbo, na kuharisha pale barabarani kungekuwa aibu kubwa zaidi. Ugonjwa ukirudi, Hashmat alimpa aina nyingine. Ikawa hivyo miaka nenda rudi, mpaka siku homa ilipomwangusha katikati ya barabara, magari yakimpigia honi.

Hospitalini, daktari Mehwish aliagiza mkojo upimwe maabara, vijidudu vijaribiwe kwa dawa moja baada ya nyingine.

"Mama, vimekuwa sugu. Dawa zote ulizokuwa ukimeza havizijali tena."

"Nimevizoesha mwenyewe?"

"Wewe, mwenye duka, na sisi madaktari tunaoandika dawa bila kupima. Pengine vingine vilikuingia vikiwa sugu tayari."

Ilibaki dawa moja tu, ya kuchomwa kwenye mshipa. Ilimwokoa roho, lakini figo moja ilikuwa imejaa usaha, wakaitoa.

Hashmat alikuja kumjulia hali na mfuko wa machungwa. "Si ungeniambia hazisaidii, dada? Ningekupa kali zaidi."

Sajida akageukia ukutani.

Alipopona alihamishiwa ofisini. "Umepata kiti na feni, unataka nini tena?" mkuu wake alimtania. Choo kilikuwepo, kimefungwa kwa kufuli: cha maofisa. Akaomba ufunguo.

"Anao afande, na afande yuko mkutanoni," karani akamjibu bila kuinua macho. "Vumilia kidogo."

Sajida akaokota tofali lililozuia mlango wa ofisi, akalipiga lile kufuli mpaka likakatika, huku karani akipiga kelele.

Alipewa onyo kali. Kabla ya jioni, kufuli jipya lilikuwa limeshawekwa.