Mashine ya Kusaga, Tela, na Mkwe Asiyejua Kukataa

Garini tulikuwa watatu, nawataja wote asije mtu akasema nimemruka. Mimi Mwanahamisi binti Kilua, wa Kang'ata. Rajabu mwana wa Hoza, dereva na mwenye gari, aliyemuoa binti yangu Zaina, kwa hiyo ni mkwe wangu. Na Perepetua, mwenzangu katika kikundi cha akina mama. Babu yake alitoka Unyamwezi kuja kukata mkonge, na mimi ni Mzigua, basi ni mtani wangu: ana ruhusa ya kunisema hata msibani.

Sababu ya safari ni mashine ya kusaga. Ya upande wetu ilikufa, wanawake wakawa wanabeba mahindi kichwani asubuhi nzima kutafuta unga. Mdogo wangu Sefu, anayekaa Magoma, akatuachia ya kwake maana mgongo umemkataa. Wenzetu walitaka lori. Mimi nikasimama kikaoni nikasema, "Lori la nini? Mkwe wangu ana gari la milimani na tela. Ataivuta." Rajabu mwenyewe sikumuuliza. Alipoambiwa aliinamisha kichwa tu, kwa sababu mkwe kwetu hamkatalii mama mkwe. Nikalala vibaya siku ile. Mashine ni hiyo moja, na gari lile kuukuu, rika moja na Zaina, ndilo linalowalisha yeye na Rajabu. Chochote kikiharibika, mwenye makosa ni mimi.

Alfajiri tulitoka Kang'ata. Mkwe na mama mkwe hawakai bega kwa bega wala hawatazamani machoni, kwa hiyo Perepetua alikaa mbele, mimi nyuma, na kila neno likapita kwake. Rajabu anasema kwa adabu, "Bibi Perepetua, mwambie mama tela tupu linarusha gari, ashike vizuri." Perepetua ananigeukia: "Mkweo anasema tulia kitako, Mzigua wewe, unarukaruka kama mbuzi wa mnada." Hivyo ndivyo tulivyopita Handeni, tukapita Sindeni, na Korogwe tukaingia jua limeshapanda.

Adhuhuri tulikuwa Magoma. Mashine ile ni chuma kitupu, na injini yake ya dizeli ilihemesha wanaume wanane. Hapo Rajabu alinishangaza. Mtu ambaye mbele yangu ana sauti ya mgonjwa, siku hiyo aliamrisha watu. Alisoma kibao cha ubavuni mwa tela kinachosema uzito unaoruhusiwa, akamhoji Sefu uzito wa kila kipande. Injini akaiweka juu ya magurudumu, imesogea kidogo upande wa gari, akaifunga kwa minyororo pande zote. Kisha akainua shingo ya tela, pale linaposhikana na gari, kwa mikono miwili.

"Mzee Sefu, ona. Inatakiwa iwe nzito hivi," alisema. "Shingo ikiwa nyepesi, mzigo umehamia mkiani. Tukishika mteremko, tela litaliyumbisha gari mpaka mtaroni."

Akafunga mnyororo wa akiba, ili chuma cha kuvutia kikichomoka tela lisitukimbie. Akawasha taa za nyuma, Perepetua akasimama kule akipiga kelele: "Kushoto inapepesa! Kulia inapepesa! Breki imewaka, na mimi njaa imewaka!"

Rajabu akaenda kuswali. Nilichokiharibu nilikiharibu wakati huo.

Mgeni kwetu haondoki mikono mitupu. Wifi yangu Mwanaisha, mke wa Sefu, alitoa magunia mawili ya mpunga. Jirani yake Mama Shekue akaleta mikungu mitano ya ndizi. Mzee Semboja akaja na matenga ya machungwa, akarudi tena na kinu cha mti cha kutwangia, kizito kama jiwe, eti mashine ikigoma tusilale njaa. Ningemkatalia nani hapo? Nafasi ilikuwa mkiani mwa tela tu. Nikapanga vyote huko, nikafunika turubai vizuri.

Rajabu aliporudi alilizunguka tela mara mbili. "Bibi Perepetua, muulize mama kama kuna kilichoongezeka."

"Mwambie ni zawadi kidogo tu," nilisema.

"Anasema ni mboga," Perepetua akafikisha.

Rajabu alitazama turubai, akatazama viatu vyake, akapanda garini.

Kabla ya Korogwe kuna mteremko, na hapo tela likaanza kucheza. Kwanza taratibu, kama mtu anayetikisa kichwa, kisha kulia na kushoto kwa nguvu, na gari nalo likafuata. Perepetua aliita watakatifu kwa majina yao, nami nilisoma kila nilichofundishwa madrasa. Rajabu hakukanyaga breki ghafla. Aliachia mafuta polepole, akashika usukani bila kuupigisha, mpaka tukasimama chini kabisa. Na chini kabisa alikuwa amesimama trafiki, ameona yote.

Alikuwa binti mmoja, Koplo Neema. Alitupa shikamoo kwanza, kisha akadai leseni, karatasi za gari na za tela. Akaangalia namba ya tela, taa, mnyororo wa akiba. Vyote sawa. Akafunua turubai.

"Dereva! Injini umeifunga kama fundi, halafu mkiani umejaza soko zima. Nani kapakia hivi?"

"Ni mimi, afande," Rajabu akasema.

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi."

"Unajua gari hili naweza kulizuia hapa?"

"Najua, afande."

Nilimtazama Perepetua aseme neno. Akaninyoshea kidevu kuelekea mlangoni. Nikafungua mlango nikashuka.

"Mwanangu, huyo anakudanganya. Aliyepakia ni mimi."

"Bibi, wewe ni nani wake?"

"Mama mkwe wake."

Koplo Neema alimtazama Rajabu, akanitazama mimi, akajikaza asicheke. "Nimeelewa. Mimi wa kwangu akija hunipangia kabati upya, nangoja aondoke ndiyo nirudishe. Ila bibi, kabati haliui mtu barabarani. Kilichozidi hakitoki hapa."

Nikamgeukia mkwe wangu bila kupitia kwa Perepetua. "Rajabu, baba, kwenye tela mkubwa ni wewe. Sema nini kishuke."

Alijibu akitazama chini. "Vyote, mama."

"Hata mpunga?"

"Mpunga ndio wa kwanza, mama."

"Kinu kibaki, ashuke Mzigua," Perepetua akadakia, "uzito ni uleule."

Tuliviacha kwa Mama Grace, mwenye mgahawa pale kando, tukampigia Sefu avifuate. Rajabu akainua shingo ya tela, akanipa nami nijaribu. Ilinishinda. Koplo Neema akatuonya, akaturuhusu.

Alasiri, Sindeni, binamu yangu Saidi alikuwa barabarani ameshika beberu wa kusherehekea mashine. Nikafungua mdomo nishukuru.

"Hapana, mama," Rajabu akasema. Alinitazama usoni kabisa.

Saidi akaachia kamba kwa mshangao. "Mkwe anamkatalia mama mkwe?"

"Anakataa mbuzi," nikamjibu. "Twende, baba."

Jioni tuliingia Kang'ata kwa gia nzito, pole pole, mashine haijasogea hata kidole. Wanawake walipiga vigelegele, na Rajabu hakuwaruhusu kugusa mnyororo mpaka aweke mawe kwenye magurudumu. Siku ya tatu tulikula ugali wa unga wetu.

Nimejifunza kwamba mkwe wa kuitikia tu ni mzuri sebuleni. Mteremkoni namtaka anayekataa.

Mliokuwapo, nisahihisheni. Pengine mikungu ya Mama Shekue ilikuwa minne, pengine Koplo Neema alikuwa Koplo Nema. Na kama Rajabu bado anawaambia watu kwamba alipakia yeye, niambieni, ili nimsahihishe mwenyewe.