Nyota Iliyomwondoa Mzee Barazani

Nilipoacha kazi ya ofisini mjini na kuanza kuchora picha za nyumba nikiwa kwangu Boko, jambo la kwanza nililojiruhusu lilikuwa kuviita vitu kwa Kiswahili. Picha zangu ni zile za 3D. Mtu ana kiwanja na ramani, mie namjengea nyumba yote ndani ya kompyuta, kisha naiachia mashine itoe picha yake kana kwamba imeshasimama. Kila kitu humo ndani kinahitaji jina. Usipokipa, programu inakibandika la kwake, na siku ya kukitafuta unakuta maboksi chungu nzima yanayotofautiana namba tu. Ofisini tuliandika Kiingereza. Kwangu nikaandika mlango, dirisha, birika, paka.

Programu hiyo ina kisanduku cha kuchuja majina. Ukiandika jina la kitu, hakitokei kwenye picha. Vitu vikiwa vingi, unaandika mwanzo wa jina tu, halafu unaweka alama ya nyota, nayo nyota inasimama badala ya herufi zozote zinazofuata. Niliwahi kuandika kiti* kwenye picha ya ukumbi wa harusi, viti vyote vikapotea kwa mpigo, nikacheka peke yangu kama mwehu. Tangu hapo nikawa na mkono mwepesi wa nyota.

Ndipo wakaja mzee mmoja na mkewe kutoka Temeke. Mzee alikuwa mtu wa asili ya Kiarabu, mwembamba, mwenye duka la vitambaa alilorithi kwa baba yake. Mkewe alikuwa mnene na mcheshi, na maisha yake yote ya ndoa aliishi nyuma ya duka lile, jiko lake limebanana na stoo ya majora. Sasa duka wamewaachia watoto, na wao wanajenga huku Boko wapumzike. Walikuwa wameelewana kila kitu isipokuwa miti.

Kiwanjani palikuwa na minazi, mkorosho, mpera na mwarobaini, na mzee aliipanda yote kwa mkono wake siku nyingi kabla ya kuwa na uwezo wa kujenga. Hakutaka hata tawi liguswe. Mkewe alisema yeye hakuhama Temeke ili aje kuzeekea kwenye ufagio, anafagia majani asubuhi na jioni yanamsubiri mengine. Walibishana mbele yangu kwa adabu kubwa, kila mmoja akinieleza mie badala ya kumweleza mwenzake. Mwishowe mzee akaamua nitoe picha mbili, moja ina miti na nyingine haina. Mkewe alipotangulia nje, akaninong'oneza kwamba bibi akishaiona nyumba ilivyo uchi, atanyamaza.

Nami huwa napenda kuweka watu kwenye picha, nyumba isifanane na mochwari. Nikawaketisha wao wawili barazani, katikati yao meza ya chai, na paka kwenye ngazi. Yule mwanamume nikamwita mzee. Yule mwanamke nikamwita bibi, kwa kuwa ndivyo mumewe alivyokuwa akimwita.

Picha ya kwanza ilitoka vizuri. Siku waliyoahidi kuja, asubuhi nikaandaa ya pili. Nilitazama majina ya miti: mnazi, mkorosho, mpera, mwarobaini. Yote yanaanza na m. Nikaandika m*, nikaiachia mashine ifanye kazi, nikaenda sokoni Tegeta kununua samaki.

Niliporudi, wale wawili walikuwa ndiyo wanafika getini. Nikawaamkia, wakaitikia marahaba, nikawakalisha mbele ya kompyuta na kuifungua picha bila kuwa nimeitazama kwanza.

Miti haikuwepo, kweli. Lakini milango nayo haikuwepo, yote, kuanzia wa mbele hadi wa uani, ukaona moja kwa moja hadi kwenye jiko. Meza haikuwepo, na birika na vikombe vilikuwa vimening'inia hewani. Bibi alikuwa ametulia kwenye kiti chake, anatabasamu. Kiti cha pili kilikuwa kitupu.

Mzee alivaa miwani, akasogea, akaitazama picha kona hadi kona.

"Mie niko wapi?" akauliza.

Nikaanza kumweleza habari za nyota na herufi m, kwamba mti, mlango, meza na mzee kwa kompyuta ni ukoo mmoja. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza daktari asiyemwamini. Mkewe hakunisikiliza kabisa. Alikuwa ameegemeza kidevu mkononi, anaitazama picha.

"Hapa ndipo pazuri," akasema.

"Pazuri bila mumeo?"

"We utarudi, Bwana. Sisemei hilo. Tazama upepo utakavyopita, toka huku mpaka jikoni kwangu. Miaka yote napika nimetazamana na ukuta."

Mzee akavua miwani. Nadhani hakuwahi kulifikiria jiko lile la Temeke kwa upande huo, maana alipozungumza tena sauti ilikuwa imeshuka. Aliniuliza kama milango inaweza kupangwa mstari mmoja, ya mbele na ya nyuma, yenye mabawa mawili ya kufunguka yote. Nikamwambia inawezekana, fundi hajaanza kuta za ndani.

Kisha mkewe akaona jambo jingine. Bila miti, ghorofa la jirani lilikuwa limesimama wazi upande wa kushoto, na madirisha yake yote yanatazama barazani. Akaguna. Akasema hawezi kunywa chai anahesabiwa vitafunwa, kwa hiyo mpera na mkorosho ibaki, na mwarobaini pia kwa ajili ya dawa. Minazi ndiyo ikatwe, isije ikawaangushia nazi kwenye bati. Mzee akakubali haraka, kama anayeogopa bei itapanda.

Nilirekebisha majina, kila mti ukaanza na neno mti na kistari, ili siku nyingine nyota ijue mipaka yake. Mzee akarudi kwenye kiti chake, na kwa ombi lake nikamwongezea kitambi kidogo.

Lakini mkewe aliomba nimtumie kwenye simu ile picha mbovu, akawarushia dada zake. Wiki ile walinipigia wawili. Mmoja alitaka ramani ya banda la uani. Mwingine, sauti ya taratibu kabisa, aliuliza kama naweza kumwondoa na mume wake, hata kwa mwezi wa Ramadhani tu, maana akifunga anakuwa mkali. Nikamwuliza jina lake linaanza na herufi gani.